Gari la uchunguzi likiondoka, wenye uvimbe wanabaki na nani?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mkazi wa wilaya ya Newala, mkoani Mtwara. Nina umri wa miaka 43, ni mkulima wa korosho na ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Oktoba mwaka jana gari la huduma mkoba lilifika katika kata yetu kutoa elimu ya saratani ya matiti na kuwachunguza wanawake. Mtendaji wa kijiji aliniomba niwahamasishe wenzangu kwa kuwa wamenizoea, nami nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikaongea hata na wale ambao hawataki neno saratani litajwe mlangoni kwao.

Shoga yangu mmoja, ambaye alikwenda kwa sababu yangu tu, aliambiwa kuwa ana uvimbe katika titi la kushoto. Akapewa karatasi ya rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, akaambiwa asichelewe, na gari likaondoka jioni ile ile. Mpaka leo karatasi hiyo imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za wanawe. Kwanza alikosa nauli, mumewe akasema wasubiri fedha za korosho. Fedha zilipoingia zikaishia kwenye madeni na mahitaji ya shule. Baadaye shangazi yake akamwambia kwamba uvimbe ukiguswa na sindano au kisu ugonjwa unasambaa mwili mzima, akampa dawa za mitishamba. Sasa nikienda bombani nasikia maneno kwamba niliwaletea wenzangu watu wa kuwatangazia kifo na kuondoka.

Wiki iliyopita mratibu wa programu ile ile alinipigia simu. Wanarudi Oktoba na wanataka niwe mhamasishaji wa kujitolea katika vijiji vitatu, nipewe mafunzo, fulana na posho kidogo. Mume wangu hataki. Anasema mimi si daktari na ninajibebesha mizigo ya watu. Lakini mama yangu mdogo alifariki kwa ugonjwa huu, akiwa ameficha kidonda kifuani chini ya khanga hadi harufu ilipomtangaza, na kwa hiyo siwezi kukataa kirahisi.

Je, nikubali? Nimwambie nini shoga yangu? Ni kweli kwamba sindano husambaza ugonjwa? Wapo wanaosema gari lile ni utapeli kwa sababu halikuwa na mashine yoyote, ila wauguzi waliopapasa kwa mikono, nao niwajibu nini? Tena mratibu anataka tuwafundishe wanawake kujichunguza kila mwezi, ilhali mimi si muuguzi. Mwisho, je, ni halali kupokea posho kwa kazi ya kujitolea?

Mama wa Newala

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na shoga yako kabla ya gari, kwa sababu gari litakuja Oktoba, lakini uvimbe wake haufuati ratiba ya programu yoyote. Karatasi kuchakaa hakumwondolei haki ya kutibiwa. Fuatana naye wiki hii hadi zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mwombeni mganga mfawidhi amwangalie upya na kumwandikia rufaa nyingine, kisha aende Mtwara mjini, ama katika hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula ama katika hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, kadiri mganga atakavyoelekeza. Usimwambie kwamba ana saratani, kwa sababu hujui, na wauguzi wa gari pia hawakujua. Uvimbe mwingi unaopatikana katika matiti si saratani, ila hakuna mkono, hata wa daktari bingwa, unaoweza kuapa hivyo bila kipimo. Kwa kawaida ataanza kwa altrasaundi au mammografia, yaani eksirei ya matiti, halafu ikilazimu atachukuliwa sampuli ndogo kwa sindano ili maabara iseme ni kitu gani.

Shangazi yake si mjinga, na usimbishie kama mjinga. Anachokisema amekiona kwa macho yake: mtu anakwenda hospitali, anachomwa sindano au anafanyiwa upasuaji, na baada ya miezi michache anazikwa. Asichokiona ni muda uliopita kabla ya hapo. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti iliyofanyika Tanzania mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani wakati ugonjwa umekwisha kuenea ndani ya titi na kwapani, au umefika kwenye mapafu, ini au mifupa. Mgonjwa wa namna hiyo amefika hospitali akiwa ameshachelewa, na sindano imelaumiwa kwa kazi iliyofanywa na kuchelewa. Kuchukua sampuli hakuwi chanzo cha saratani kusambaa, na bila sampuli hakuna daktari atakayejua ampe dawa gani. Mweleze shangazi hivyo kwa heshima, na ikiwezekana mwombe yeye ndiye amsindikize shoga yako hospitalini. Nimeona mara nyingi kwamba anayepinga huduma akishirikishwa safari hugeuka kuwa msindikizaji imara kuliko sisi sote.

Kuhusu nauli, wewe ni mweka hazina. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii unaochangiwa kila kikao kwa ajili ya misiba na maradhi, na sijui kwa nini mfuko huo hufunguka siku ile ile ya msiba lakini kwa maradhi lazima kwanza iitishwe mikutano miwili. Lipeleke jambo hili kikaoni bila kutaja ugonjwa wa mtu, kama ombi la mwanachama mwenye rufaa, ikiwa shoga yako ni mwanachama na ameridhia. Kama si mwanachama, mwombeni mtendaji barua ya utambulisho inayoeleza hali yake ya kipato, aende nayo katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza kabisa, asisubiri hadi aandikiwe gharama. Saratani imo katika magonjwa ambayo sera ya nchi inayatambua kwa msamaha wa matibabu, lakini nauli, chakula, malazi na baadhi ya vipimo huweza kumwangukia mgonjwa, na mwenye taarifa mapema hupata nafasi ya kujipanga. Tena katika jamii zenu za Wamakonde na Wamakua mjomba bado ana kauli. Ikiwa mume anasitasita, pengine mjomba wa shoga yako ndiye mtu wa kuonwa kwanza.

Sasa nije kwenye gari. Jibu langu ni kwamba ukubali, lakini usikubali kwa simu. Mwombe mratibu mkutane, au akuandikie, na umuulize jambo moja kabla ya mengine yote: mwanamke akikutwa na uvimbe saa nane mchana na gari likaondoka saa kumi na moja jioni, ni nani anamfuatilia kesho yake? Usiridhike na jibu la kwamba anapewa rufaa, kwa sababu rufaa ni karatasi, na tayari unajua karatasi hukaa wapi. Uliza ni hospitali ipi imekubaliana nao kuwapokea wagonjwa hao na ni siku gani za kliniki. Uliza ni nani anayelipia altrasaundi na sampuli, nani atakayempigia simu mgonjwa kujua kama amefika, na majibu ya maabara yatamrudia kwa njia gani. Uliza pia kama mganga mkuu wa wilaya anaifahamu ratiba yao, kwa maana programu iliyopita pembeni yake hukosa wa kuikabidhi kazi inapoondoka.

Maswali haya si ya ukorofi. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021, limeweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya saratani zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kwa mara ya kwanza mbele ya mtoa huduma, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Utaona kwamba uhamasishaji unasaidia zaidi lengo la kwanza tu. Mengine mawili yanategemea nauli, simu, barua na mtu wa kumshika mkono mgonjwa. Programu yenye bajeti ya fulana za pinki na maturubai lakini isiyo na bajeti ya nauli kwa watakaokutwa na uvimbe imepanga sherehe, na mimi husema hivyo hata mbele ya wafadhili.

Ikiwa mratibu hana majibu yote, usimkatae papo hapo. Mweleze kisa cha shoga yako bila kutaja jina lake, umwambie kwamba watu wa kata yako hawataliamini gari hilo mpaka waone aliyepewa rufaa amefikishwa. Kisha mpe sharti lako: kazi yako ya kujitolea iwe kuwafuatilia waliopewa rufaa, na si kuita watu tu. Hapo ndipo mtu wa kijijini anapomzidi mtaalamu, kwa sababu unajua nani amehamia shambani, nani ana simu inayozimwa na mumewe, na nani atakubali kusafiri akipata wa kumwachia watoto. Huko Sudan, katika jimbo la Gezira, wanawake wa vijijini walifunzwa na kupelekwa nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 2010, wakawafikia wanawake zaidi ya 10,000. Wenye dalili walipelekwa hospitali ya wilaya, na 17 kati yao wakakutwa na saratani, wengi wao ikiwa bado changa. Majirani walifanikiwa pale kwa sababu nyuma yao palikuwa na hospitali iliyokuwa ikiwasubiri wagonjwa hao.

Nikupe tahadhari moja kuhusu daftari. Mfuatiliaji lazima aandike majina na namba za simu, na hapo ndipo siri za watu huvuja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo mwulize mratibu daftari litatunzwa wapi na litabaki kwa nani kazi ikiisha. Wewe andika tu jina, simu na tarehe ya miadi, na suala la uvimbe liachie faili la hospitali. Usikubali waliopewa rufaa waitwe kwa kipaza sauti au wapange foleni ya pekee mbele ya kijiji kizima, kwani kufikia jioni kila mtu atakuwa ameshawahesabu. Na mtu wa programu akitaka kupiga picha za wanawake waliojitokeza ili azirushe kwenye kundi la WhatsApp, kila mwanamke aombwe ridhaa yake faraghani, si kwa kuulizwa wote kwa pamoja kama kuna anayekataa.

Wanaosema gari lisilo na mashine ni utapeli unaweza kuwajibu kwa ushahidi. Mjini Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Nusu yao walichunguzwa matiti kwa mikono, kila baada ya miaka miwili, na wahudumu wa kike waliofunzwa vizuri, bila mashine yoyote. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba saratani ziligundulika zikiwa katika hatua za awali zaidi, na kwamba kwa wanawake wenye umri wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo punguzo la vifo halikuonekana, na jambo hilo nalo liseme, usilifiche. Kwa hiyo mkono uliofunzwa ni kipimo halali, ingawa haumalizi kazi, na mammografia yenyewe haioni vizuri ndani ya matiti ya wasichana kwa sababu matiti yao yana tishu nzito. Nakuomba tu usije wewe mwenyewe ukampapasa mtu kwa ajili ya kumchunguza, hata akikusihi kwa aibu ya kwenda kwa muuguzi kijana. Ukimwambia kwamba hakuna kitu na kumbe kipo, utakuwa umemfungia mlango wa hospitali kwa maneno yako. Badala yake mwambie mratibu mapema kwamba kwenu wanawake watu wazima hawatavua nguo mbele ya mwanamume, ili alete wauguzi wa kike na pazia la kutosha.

Kuhusu kuwafundisha kujichunguza kila mwezi, hapa nitatofautiana kidogo na mratibu wako. Huko Shanghai, China, wafanyakazi wa kike zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walishirikishwa katika utafiti ulioanza mwaka 1989. Nusu yao walifundishwa kwa bidii kubwa kujichunguza matiti kwa utaratibu maalumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo havikupungua kuliko kwa wale ambao hawakufundishwa, bali sampuli za uvimbe usio saratani ziliongezeka. Sisemi kwamba mwanamke asijiguse. Ninachosema ni kwamba zoezi la kila mwezi la kutafuta saratani kwa hofu halina faida iliyothibitishwa, na linaweza kumfanya aliyelisahau miezi miwili ajione mkosaji. Kinachofaa ni mwanamke kuyajua matiti yake jinsi yalivyo siku zote, wakati wa kuoga au kuvaa, na kujua mabadiliko yapi yampeleke kituo cha afya bila kungoja: uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, titi moja kubadilika ukubwa au umbo, ngozi kuvutwa ndani au kuwa na vinyweleo vilivyodidimia kama ganda la chungwa, chuchu kuzama au kutoa majimaji hasa yenye damu. Mkazie kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, kwa sababu wengi wanasubiri maumivu ndipo waamini kwamba wanaumwa. Hayo unaweza kuyafundisha bila kuwa muuguzi, na wanaume nao wayasikie, si kwa sababu tu ndio wenye fedha za nauli, bali pia kwa sababu chini ya mgonjwa mmoja kati ya kila mia ni mwanamume.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, ila nimeliona katika barua yako. Oktoba ni mwezi wa saratani ya matiti duniani kote, na ndiyo maana magari haya hutembea Oktoba. Kwenu Newala ni msimu wa korosho. Wanawake wako mashambani wakiokota korosho na kuzitenganisha na mabibo tangu alfajiri, wengine wamehamia kabisa kwenye vibanda vya shambani, na fedha haipo mkononi mpaka chama cha msingi kipeleke mzigo mnadani na malipo yaingie. Programu inayokuja wakati huo huwakuta wachache, na hao wachache hupewa rufaa wakati hawana hata nauli ya kufika Mtwara. Mwambie mratibu hivyo. Kama wafadhili wake lazima waone Oktoba, basi gari lifike jioni karibu na maghala ambako wanawake wanapeleka korosho, na lirudi tena Januari au Februari, wakati malipo yamekwisha kutoka, kwa ajili ya wale waliokosa na kwa ajili ya kuwahesabu waliopewa rufaa wakafika na ambao hawakufika.

Mume wako naye tusimgeuze kuwa adui wa maendeleo. Ameona mwaka jana jinsi lawama zilivyokuja hadi mlangoni kwake, na inawezekana anachohofia ni kwamba kila mwenye rufaa atakuja kuomba nauli kwenu. Mwonyeshe mipaka utakayojiwekea: hutatoa fedha za nyumbani, hutaahidi matibabu ya bure kwa mtu yeyote, hutaingia katika ugomvi wa mke na mume, na utafanya kazi hiyo kwa siku mtakazokubaliana wawili, nje ya siku za shamba. Vijiji vitatu pia naviona vingi kwa mtu mmoja. Omba kimoja au viwili, na mwombe mratibu akuunganishe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepo hapo, ambaye ana mafunzo na anatambuliwa na zahanati. Ukishayaweka mezani hayo yote, nadhani mumeo atabaki na hoja moja tu ya kwamba wewe si daktari, na kwa hoja hiyo ana haki kabisa, kwa hiyo mwambie kwamba unakubaliana naye.

Wanaokusema bombani usiwatafute kuwajibu. Shoga yako akifika Mtwara na kupimwa, majibu yoyote atakayopata, habari zitawafikia bila wewe kuzipeleka, mradi si wewe uliyezitoa.

Na posho ipokee. Kujitolea ni kutoa muda wako bila mshahara, si kulipa kutoka mfukoni kwako bodaboda ya kuzunguka vijiji na vocha ya kuwapigia wagonjwa simu. Ila uliza kabla ni kiasi gani na ni kwa ajili ya nini, saini kiasi kile kile ulichokabidhiwa mkononi, na ukiletewa karatasi yenye kiasi kikubwa kuliko ulichopewa, usiisaini.